Masomo ya Piano kwa Intaneti: Ni Nani Asikilizaye?

Zamani mzazi aliyetaka mtoto wake ajifunze piano alikuwa na njia moja tu: kumtafuta mwalimu, na kama mwalimu hakuwako karibu, basi shauri lilikwisha. Siku hizi sivyo. Nyumba yenye simu, na kinanda cha umeme, na fedha kidogo za intaneti, yaweza kumkaribisha mwalimu aliye ng'ambo ya bahari, akafundisha asubuhi au jioni, akarudia somo lile lile mara kumi pasipo kuchoka wala kukasirika. Jambo hili ni jema, wala hatutaki kulidharau. Lakini kitu chema nacho hustahili kupimwa, tena zaidi ya kibaya, kwa kuwa watu hukipokea bila kuuliza. Twataka basi kuyapima masomo haya kama tupimavyo kitabu kipya cha shule: yafundisha nini, yafundisha kwa njia gani, na ni kitu gani yanachokiacha.

Labda msomaji atasema, "Huu ni mchezo wa watoto, una haja gani ya kupimwa?" Twamjibu kwamba mtoto aanzaye piano na kuiacha baada ya miezi mitatu haachi hivi hivi tu. Mara nyingi huondoka na neno moja moyoni: "Mimi sina kipaji." Neno hilo aweza kulichukua mpaka utu uzima, akakaa kimya wenzake waimbapo, akawaambia na watoto wake vivyo hivyo. Kumbe huenda kipaji kilikuwako, ila hakuwako mtu wa kumsikiliza. Kwa hiyo, katika kila namna ya masomo tutakayoitazama, tutauliza swali moja: mtoto apigapo, ni nani asikilizaye?

Kwanza tukumbuke kwamba kufundisha kinanda kwa mbali si jambo la jana. Carl Czerny wa Vienna, aliyekuwa mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, alitoa karibu na mwaka 1840 kitabu kidogo chenye barua 10, zilizoandikwa kana kwamba zapelekwa kwa msichana mdogo akaaye shamba, mbali na mji. Ndani yake alieleza namna ya kukaa, na ya kuweka vidole, na ya kusoma nota, na ya kufanya mazoezi kila siku. Baadaye, huko New York, shule iliyoitwa U.S. School of Music iliuza masomo ya muziki kwa posta. Katikati ya miaka ya 1920 mwandishi wa matangazo, John Caples, aliiandikia tangazo lililopata sifa kubwa. Lilisimulia habari za mtu aliyeketi penye piano karamuni, wenzake wakamcheka. Alipoanza kupiga kicheko kikakoma, maana alikuwa amejifunza nyumbani kwake kwa posta, bila mwalimu. Wafanyao kazi ya matangazo hulitaja tangazo hilo mpaka leo.

Twaona basi kwamba barua, na masomo ya posta, na intaneti, ni ndugu wa tumbo moja. Wote wana nguvu moja na udhaifu mmoja. Nguvu yao ni kwamba wafika mahali asipofika mwalimu. Udhaifu wao ni kwamba wasema sana na kusikia kidogo, au hawasikii kabisa. Na ahadi iliyokuwa katika tangazo lile, ya kujifunza upesi, peke yako, bila taabu, yaonekana tena katika matangazo mengi ya masomo ya intaneti. Mzazi aionapo ahadi ya namna hiyo, na akumbuke kwamba ina umri wa miaka mia moja, na ya kuwa vidole vya watoto havikubadilika katika miaka hiyo.

Udhaifu huo waalimu wa kale waliujua sana. François Couperin, aliyekuwa mpiga kinanda katika nyumba ya mfalme wa Ufaransa, alitoa kitabu mwaka 1716 juu ya kupiga kinanda cha siku zile, kilichotangulia piano. Alishauri kwamba watoto waanze wakiwa na miaka 6 au 7. Lakini hakupenda wajizoeze peke yao katika masomo ya kwanza. Yeye mwenyewe, kama asemavyo katika kitabu hicho, alikuwa akiondoka na ufunguo wa kinanda, ili mtoto asije akaharibu kwa dakika moja kazi aliyoipanda kwa uangalifu kwa robo tatu za saa.

Wengine watacheka wakisikia habari hii, lakini ina akili ndani yake. Kidole hukumbuka kosa sawasawa kama kikumbukavyo jambo lililo sawa. Mtoto akipiga wimbo mara ishirini kwa kosa moja, hakulisahihisha kosa lile. Amelifanyia mazoezi mara ishirini. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Nao walijua kwamba samaki aliyekwisha kukauka katika umbo baya huvunjika akikunjwa tena. Basi mwalimu wa intaneti atenda kinyume cha Couperin: yeye huondoka, na ufunguo humwachia mtoto. Hatusemi kwamba ni vibaya, maana hana njia nyingine. Twasema tu kwamba nafasi ile aliyoiacha ni lazima ikaliwe na mtu.

Sasa na tuchukue mfano mmoja ulio mwema, ili tusiseme maneno ya hewani. Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, huko Marekani, mwalimu Joseph Hoffman alianzisha masomo ya piano kwa watoto yaitwayo Hoffman Academy. Masomo yenyewe ni video fupi fupi, nazo zaweza kutazamwa bila malipo. Wanaotaka karatasi za nota na misaada mingine ya mazoezi ndio walipao. Huyu ni mwalimu anayejua kusema na mtoto: hasemi haraka, hafanyi mzaha wa kuchosha, wala haharakishi mkono wake akionyesha.

Lakini uzuri mkubwa wa kazi yake hauko katika uso wake wa upole, uko katika mpango wa masomo. Somo la kwanza halianzi na karatasi. Mtoto haonyeshwi mistari mitano wala kukaririshwa majina ya nota. Huonyeshwa vibao vyeusi vitatu vilivyokaa pamoja, akafundishwa wimbo mfupi wa watoto wa Kiingereza uitwao Hot Cross Buns, wenye sauti tatu tu: Mi, Re, Do. Wimbo huingia sikioni na kinywani, kisha vidoleni. Kusoma nota huja baadaye, mtoto akiwa amekwisha kuwa na kitu cha kusoma. Ndivyo kila mtu alivyojifunza lugha ya mama yake: alisema kwanza, akasoma baadaye. Na njia hii ina ushahidi wa kale. Friedrich Wieck wa Leipzig alimwanzisha binti yake Clara kwa sikio kabla ya nota. Na mwaka 1828, Clara akiwa na miaka 9, alipiga piano mbele ya watu katika ukumbi wa Gewandhaus. Huyo ndiye aliyekuja kuolewa na Robert Schumann, na sifa zake zilienea Ulaya nzima.

Hapa msomaji wetu aliye mwanakwaya atakuwa amemtambua rafiki wa zamani. Do, Re, Mi hizo ndizo zile zile za solfa, zilizoandikwa kwa herufi d, r, m katika vitabu vya kwaya zetu. Mwanamke mmoja wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Glover, ndiye aliyeitengeneza njia hiyo ili watoto waimbe kwa urahisi. Mchungaji John Curwen, aliyeishi tangu 1816 hata 1880, akaiendeleza na kuieneza. Na wamisioni wakaileta Afrika. Basi mzazi aliyeimba sauti ya tatu au ya nne katika kwaya, hata kama hajagusa kibao cha piano maishani mwake, yu na nusu ya elimu mkononi. Yeye ajua kwamba Do haina kiti kimoja, bali yaweza kuhama. Na apime hivi: vile vibao vyeusi vitatu vilivyo pamoja hutoa Do, Re, Mi, na vile vibao vyeupe vitatu vilivyo kandokando na katikati ya vyeusi viwili hutoa Do, Re, Mi vilevile, ila kwa sauti ya chini zaidi au ya juu zaidi. Mtoto akilisikia jambo hilo kwa sikio lake mwenyewe, amejifunza somo ambalo wengine hulipata baada ya miaka.

Hayo ndiyo mema. Upungufu nao upo, na yafaa tuuseme bila woga. Masomo hayo ni ya Kiingereza, na nyimbo zake nyingi ni za watu wa huko, mtoto wa kwetu atahitaji mtu wa kumfasiria, na mtu wa kumwambia, "Sasa tafuta kwa Mi, Re, Do wimbo tunaouimba hapa nyumbani." Tena, kama ilivyo katika video yoyote, mwalimu hamwoni mwanafunzi. Atasema maneno yake ya kutia moyo wakati ule ule uliopangwa, ikiwa mtoto amepiga vizuri, au amepiga vibaya, au amekwenda kunywa maji. Na mtoto aweza kuruka kutoka somo la tatu mpaka la kumi na mbili bila kuzuiliwa. Kwa hiyo twasema: masomo haya ni kitabu kizuri sana kinachosema. Lakini kitabu, hata kikisema, ni kitabu.

Labda mtu atatujibu, "Mnasema kana kwamba hakuna mashine zinazosikia. Zipo." Ni kweli, zipo. Kuna programu kama Simply Piano, iliyotengenezwa na watu wa Israeli, na flowkey, iliyotoka Berlin, ambazo husikiliza kwa maikrofoni ya simu, zikalinganisha sauti iliyopigwa na ile iliyotakiwa. Mtoto akipiga sawa, programu yaendelea, akikosa, yamwonyesha. Flowkey yaweza hata kusimama na kumngoja mpaka apate kibao kilicho sawa. Jambo hili ni la ajabu, na mtoto apewaye jibu papo hapo hupata moyo. Hatuna budi kulisifu.

Lakini na tuangalie vizuri ni nini kinachosikiwa. Programu yaweza kujua ni kibao gani kimepigwa, na kimepigwa wakati gani. Kwa sauti peke yake haiwezi kujua kimepigwa kwa kidole gani. Mtoto apigaye wimbo wote kwa kidole kimoja cha shahada aweza kupata nyota zote, wala asijue kwamba amejifungia njia ya nyimbo zote zilizo mbele. Sikio hilo halioni bega lililokakamaa, wala kifundo cha mkono kilichoanguka chini ya vibao, wala mtoto aliyezuia pumzi kwa hofu ya kukosa. Hayo yote mama aketiye karibu huyaona kwa mara moja, hata kama hajui nota moja.

Tena kule kungoja, kulikotupendeza, kuna hasara yake. Muziki hutembea kwa mapigo, na mapigo hayamngoji mtu. Kwaya ambayo mwongozaji wake husimama kila neno mpaka waimbaji wote wamelipata, haiimbi wimbo. Yasoma orodha ya maneno. Mtoto aliyezoea wimbo umngojao atapata vibao vyote na kukosa wimbo. Kungoja kwafaa siku ya kwanza na ya pili, ili vidole vijue njia. Kukizidi hapo kwadhuru.

Iko na namna ya tatu, nayo ndiyo tunayoiogopa zaidi. Ni zile picha za vipande vya rangi vishukavyo kutoka juu ya kioo na kuangukia vibao, kama vile vya programu iitwayo Synthesia. Mtoto hufuata rangi, akapiga kibao kila rangi iangukapo, na baada ya siku chache atoa wimbo mgumu unaowashangaza wageni. Lakini mwambie apige wimbo ule kioo kikiwa kimezimwa, au auanze katikati, au auimbe kwa kinywa, huenda utamwona amesimama kama mtu aliyeongozwa kwa mkono usiku: amefika, ila njia haijui. Haikuwa kosa la mtoto. Macho yake yalipewa kazi yote, na masikio hayakupewa kazi.

Kutokana na hayo twapata kipimo kimoja kiwezacho kutumiwa na mzazi yeyote, awe amesoma muziki au hakusoma. Kila wiki mara moja, kioo kizimwe. Kisha mtoto aombwe apige alichojifunza. Kile kilichobaki baada ya kioo kuzimwa ndicho alichojifunza kweli. Vingine vyote vilikuwa vya simu. Masomo yatakayoacha kitu kila wiki, hata kama ni wimbo wa sauti tatu, ni masomo mema. Masomo yasiyoacha kitu, hata yakiwa na rangi na nyota za namna gani, ni mchezo. Mchezo si dhambi. Lakini mzazi asiulipie kama elimu.

Yatupasa kutaja pia masomo ambayo mwalimu na mtoto huonana kwa wakati ule ule, kila mmoja mbele ya kioo chake. Masomo hayo yalikuwako kabla, lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya shule na nyumba, waalimu wengi wa piano duniani walilazimika kuyatumia kwa ghafula. Hapo mwalimu asikia na kuona, nayo ni faida kubwa. Hata hivyo sauti huchukua muda kidogo kusafiri, sehemu ndogo ya sekunde, nayo yatosha kuwazuia wawili wasipige pamoja. Huyu huisikia sauti ya yule ikiwa imekwisha kuchelewa. Basi hupokezana: mmoja hupiga, mwingine hungoja. Tena programu nyingi za kuonana zilitengenezwa kwa ajili ya maneno, nazo huweza kuidhania sauti ndefu ya piano kuwa ni kelele, zikaififiza. Mwalimu asikia, lakini asikia kama asikiaye kwa mlango uliofungwa nusu. Hata hapa sikio lililo chumbani ndilo bora.

Tumefika sasa penye jambo lenyewe. Sikio hilo ni la nani? Kujifunza muziki nyumbani ni desturi ya kale na yenye heshima. Johann Sebastian Bach alianza mwaka 1720 kumwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka 9, kitabu cha mazoezi ya kinanda, na kitabu kile chapigwa na wanafunzi mpaka leo. Lakini mzazi atasema, "Yule alikuwa Bach. Mimi ni mkulima, au ni mwuguzi, au ni fundi cherehani. Nitamsikilizaje mtoto, nami sijui?"

Jibu lilitolewa huko Japani na Shinichi Suzuki, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufa mwaka 1998. Yeye alifundisha fidla, na baadaye njia yake ilitumiwa kwa piano pia. Suzuki aliona kwamba watoto wote wa Japani wasema Kijapani, lugha iliyo ngumu, wala hakuna aambiwaye kwamba hana kipaji cha kusema. Akafikiri kwamba muziki nao waweza kupandwa hivyo hivyo, kwa kusikia kila siku na kwa kutiwa moyo na wazazi. Kwa hiyo alitaka mzazi aketi katika somo pamoja na mtoto, na ajifunze mwenyewe nyimbo chache za mwanzo, si ili awe fundi, ila apate kuwa msaidizi nyumbani. Mzazi wa Suzuki hakuhitaji kujua zaidi ya mtoto. Alihitaji kuwapo.

Nasi twasema vivyo hivyo juu ya masomo ya intaneti. Mzazi asimkabidhi mtoto simu na kwenda zake, akidhani mwalimu amekwisha kufika. Na aketi karibu kwa dakika kumi au kumi na tano kila siku, maana mazoezi mafupi ya kila siku yashinda saa mbili za Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba. Na asikilize mambo manne tu. La kwanza, mapigo: je, aweza kupiga makofi sawasawa mtoto akipiga wimbo, au makofi yakwama? La pili, vidole: je, vyote vyafanya kazi, navyo vimekunjika kidogo kama mkono ulioshika chungwa, au vimelala kama vijiti? La tatu, sauti: je, mtoto aweza kupiga wimbo ule ule kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti kubwa? La nne, moyo: je, amechoka, au bado ataka? Akichoka, na waache wimbo ukiwa mtamu, kesho warudie.

Lile la tatu latukumbusha kusema neno juu ya kinanda chenyewe, kwa kuwa wengi hununua wakaja kujuta. Piano ilitengenezwa na Bartolomeo Cristofori huko Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, naye aliitengeneza kwa kusudi moja: kibao kikiguswa kwa upole kitoe sauti ndogo, kikipigwa kwa nguvu kitoe sauti kubwa. Jina lenyewe latoka katika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya kwa upole na kwa nguvu. Piano ya kawaida ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Vinanda vingi vya umeme vya bei nafuu vina vibao 61, navyo vyatosha kabisa kwa miaka ya kwanza. Lakini viko vinanda ambavyo hutoa sauti ile ile, upige kwa upole au kwa nguvu. Hivyo si vya kujifunzia piano, hata viwe na ngoma na taa za kila rangi. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na apige kibao kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu, na asikilize. Kama hakuna tofauti, na atafute kingine.

Mwisho, tusiwasahau walio karibu. Katika makanisa mengi yuko mtu apigaye kinanda kila Jumapili. Pengine hana cheti, pengine alijifunza mwenyewe. Lakini ana macho na masikio, naye aishi kwa hatua mia mbili kutoka nyumbani kwetu. Masomo ya intaneti hayafai kumwondoa huyo. Yafaa kumpunguzia mzigo. Mwalimu wa mbali na afundishe wimbo mpya. Huyu wa karibu na aombwe, hata mara moja kwa mwezi, autazame mkono wa mtoto na kumsikiliza apige. Na apewe shukrani yake kwa saa yake, kama apewavyo fundi mwingine. Ni jambo la aibu kulipa programu ya ng'ambo kila mwezi, na kumwona jirani kuwa kazi yake ni ya bure.

Hukumu yetu basi ni hii. Masomo ya video yaliyopangwa vema, yaanzayo kwa sikio na kwa sauti za solfa, kama yale tuliyoyataja, twayasifu na kuwashauri wazazi wayajaribu bila hofu. Programu zisikilizazo twazikubali kama msaidizi wa mazoezi, zitumiwe kwa kiasi. Picha za rangi zishukazo hatuwashauri watoto wanaoanza. Na kwa yote matatu twaweka sharti moja, kwamba awepo mtu nyumbani asikilizaye. Pasipo mtu huyo, masomo bora kabisa yatapita kama mvua juu ya bati, yakifanya sauti nyingi pasipo kulowesha shamba.

Wako wazazi watakaosema kwamba hawana nafasi. Twajua kwamba kazi ni nyingi, na jioni mtu amechoka. Lakini kusikiliza si kazi ya mikono. Hata amenyaye maharage aweza kusikiliza. Mtoto apigapo wimbo wake wa sauti tatu, akageuza uso kutazama kama amesikiwa, hamtafuti Bach wala Hoffman. Awatafuta ninyi.